Leveli 28, na mwizi wa njiani bado ananisumbua

Swali: "Kaka, salamu kutoka Kisauni. Kompyuta yangu ni ya zamani, kwa hiyo nacheza gemu za RPG za zamani, zile za kumkuza mhusika. Nilianza na Gothic. Nilipigwa na kila kiumbe, hata wale ndege wakubwa wasioruka, lakini sikuweza kuiacha, na kila nilipopata nguvu kidogo nilifurahi kupita kiasi. Kisha nikaingia Oblivion. Sasa niko leveli 28, nina silaha za maana, namba zote ziko juu, na sihisi kitu. Rafiki yangu alinionyesha msimbo wa kujipa nguvu zote katika Gothic. Nikajaribu, na muda si muda nikachoka. Ule utamu wa kuanza dhaifu ukaishia kuwa mtu wa kuogopwa unatoka wapi hasa, maana mwisho wa yote ni namba tu? Au tatizo ni mimi?"

Jibu:

Mdogo wangu, wewe huna tatizo. Umegusa jambo ambalo sisi tunaounda gemu hulielewa kwa kuchelewa: namba kupanda ni kitu kimoja, kujihisi una nguvu ni kitu kingine. Nguvu huhisiwa siku unaporudi mahali ulipofedheheshwa ukawakuta wa pale wako vilevile, aliyebadilika ni wewe. Gothic ilikupa siku kama hizo kwa wingi. Oblivion imekunyima, tena kwa makusudi.

Nianze na Oblivion, maana ndiko kwenye kidonda. Bethesda waliitoa mwaka 2006, na walitaka mchezaji aweze kwenda popote tangu mwanzo bila kugonga ukuta. Njia waliyoichagua ni kuwapandisha maadui pamoja nawe. Ukiwa mchanga, mwizi wa njiani amevaa ngozi na ameshika chuma hafifu. Ukivuka leveli ya 20, mwizi wa barabara ile ile ametokea na deraya ya kioo mwili mzima, vazi ambalo angeliuza akapata pesa ya nyumba, na bado amejificha kichakani kukudai vijisarafu. Wachezaji wamemcheka mwizi huyu miaka mingi, lakini hasara yake si kichekesho. Yeye ndiye aliyekuwa shahidi wako. Alikusumbua ulipokuwa huna kitu, na alipaswa kubaki na ngozi yake ile ile ili siku moja umwone kwa mbali, utabasamu, na upite. Badala yake amekua nawe bega kwa bega, na kila ulichopata wewe, naye amepata.

Kuna balaa jingine humo ndani. Katika Oblivion hupandi leveli mpaka ulale. Ujuzi wako mkuu ukiongezeka mara 10, mhusika anatafuta kitanda, na akiamka ndipo leveli inahesabiwa. Sasa huo ujuzi mkuu unaweza kuwa biashara, au kukimbia. Kwa hiyo mtu aliyeshinda akizurura barabarani na kuvutana bei dukani anaamka asubuhi akakuta dunia nzima imenoa mapanga, ilhali mkono wake wa upanga haujasogea hata chembe. Wajanja wakapata dawa: usilale. Wapo waliomaliza hadithi kuu wakiwa leveli za chini kabisa kwa sababu huko ndiko kwepesi. Gemu nzima ni ya kukua, na busara yake ni kukataa kukua! Mimi naipenda Oblivion kwa mambo mengine mengi, lakini kwa hili siwezi kuitetea.

Sasa rudi Gothic uiangalie kwa jicho la fundi. Ni kazi ya Piranha Bytes, kampuni ndogo ya Ujerumani, ya mwaka 2001. Unatupwa katika bonde la wafungwa lililofunikwa na kuba la uchawi. Huna jina, huna kitu. Mnyama aliye kando ya njia yuko pale kwa sababu kuna mtu aliyemweka pale, na nguvu zake ni zake. Hajali wewe ni leveli ya ngapi. Ukimfuata mapema atakumaliza. Ukija baadaye utammaliza wewe.

Watu wa bonde lile ndio hasa walionivutia. Wengi wao hawakuui. Wanakuangusha, wanachukua madini uliyonayo, maana madini ndiyo pesa ya kule, wanaokota na silaha yako, kisha wanarudi kwenye shughuli zao. Unaamka mavumbini huna kitu. Hapo pana hila moja kubwa ya ubunifu ambayo gemu chache zimeiiga. Ukifa, unarudi pale ulipohifadhi mchezo na kifo kinafutika, hakikutokea. Ukiangushwa, maisha yanaendelea: pesa imekwenda, upanga umekwenda, na aliyekufanyia hivyo umemwacha palepale, anaota moto. Unajua jina lake, unajua anapolala. Katika Kambi ya Kale kuna mlinzi anayeitwa Bloodwyn, ambaye hukujia mapema kudai vipande 10 vya madini eti ni vya ulinzi. Sina haja ya kumweleza mkazi wa Mombasa huyo ni mtu wa aina gani. Bila shaka ulimlipa, au ulikataa ukajuta. Na nadhani unaikumbuka vizuri kabisa siku mlipokutana tena nawe umevaa deraya yako mwenyewe.

Halafu upanga. Kabla hujafundishwa, mhusika wako hushika upanga wa mkono mmoja kwa mikono miwili. Mabega yamekazana, anarusha pigo zima kwa mwili mzima, na anachelewa kurudi sawa, ndipo mbwamwitu anapoingia. Kupanda leveli hakulitibu hilo. Leveli inakupa uhai kidogo na pointi 10 za kujifunzia, na pointi hizo hazina kazi mpaka umpate mwalimu, umlipe, naye akubali. Ukishafundishwa, mkono wa kushoto unauachia mpini. Mwili unanyooka. Pigo la pili linaanza kabla la kwanza halijapoa. Akiwa amekaa nyuma yako mtu asiyejua gemu hata moja, ataona kwamba huyu si yule wa juzi, wala hajasoma namba yoyote kwenye skrini.

Uliuliza kama mwisho wa yote ni namba tu. Hata hizo namba zenyewe zilizaliwa zikiwa na watu nyuma yake. Kabla ya RPG kulikuwa na michezo ya vita ya mezani, askari wadogo wa risasi wakipangwa kwa vikosi. Mmoja wa michezo hiyo, Chainmail wa mwaka 1971, uliongezewa sheria za mambo ya ajabu, na ndani yake shujaa mmoja alihesabiwa sawa na askari 4 na shujaa mkuu sawa na askari 8. Miaka mitatu baadaye Gary Gygax, aliyeshiriki kuandika Chainmail, na Dave Arneson wakatoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo leveli na pointi za uzoefu zilianzia kuenea. Mpiganaji wa leveli ya 4 aliitwa shujaa, wa leveli ya 8 shujaa mkuu. Kwa hiyo leveli ilikuwa na maana unayoweza kuiona mezani: wewe peke yako unasimama mahali pa watu wanne, na watu hao wanne wako hapo wa kupimiwa. Oblivion imeibakiza ile 4 na kuwafukuza wale askari.

Mle mle katika sheria za 1974 utaona pia hesabu inayokuja maradufu: mpiganaji alihitaji pointi 2,000 kufika leveli ya 2, kisha 4,000, kisha 8,000, kisha 16,000. Inaendana na jambo ambalo halikutoka kwenye gemu. Katika karne ya 19 Mjerumani Ernst Weber aliwabebesha watu mizigo akaona kwamba tunahisi nyongeza kwa kulinganisha na kile tulicho nacho tayari. Ongeza kidogo kwenye mzigo mwepesi, mtu anashtuka. Ongeza kiasi kile kile kwenye mzito, hana habari. Upanga wa pigo 3 ukiwa wa 6, maisha yamebadilika. Upanga wa 103 ukiwa wa 106, hata hutambui. Ndiyo maana leveli zako za mwanzo zilikuwa tamu na za mwisho ni hesabu za duka. RuneScape, gemu ya mtandaoni, wameipeleka hali hii mpaka ukomo: leveli ya 99 ya ujuzi mmoja inataka pointi 13,034,431, na nusu ya safari unaipita ukiwa leveli ya 92. Anayemaliza zile saba zilizobaki anastahili pongezi, lakini anachotafuta pale ni heshima ya subira. Utamu wa kukua alishaumaliza zamani.

Utasema: basi, dunia isipokua nami, si nitavamia pasiponifaa, au mwishoni kila kitu kiwe chepesi? Ndilo swali lililowasumbua Bethesda, na Yuji Horii, mbunifu wa gemu Mjapani, alikuwa amelijibu miaka 20 kabla yao, katika Dragon Quest ya 1986, kwa kutumia maji na madaraja. Unaanza kwenye kasri la mfalme, na kasri la adui mkuu unaliona tangu hatua za kwanza, liko ng'ambo ya maji, karibu kabisa. Ni kama kusimama upande wa kisiwani ukiitazama Likoni siku ambayo feri haifanyi kazi. Kasri unaliona, unalihesabia madirisha, na hufiki. Ili kufika lazima uzunguke nchi nzima, na kila daraja unalovuka wanyama wanabadilika kuwa wakali zaidi. Hakuna mlinzi wa kukuzuia darajani. Unavuka, unapigwa, unapoteza nusu ya dhahabu yako, unarudi nyuma mwenyewe. Ukiwa na nguvu unavuka tena. Na ukipita tena kule ulikoanzia, vile viumbe vidogo kama vijitonge vya buluu vilivyokutoa jasho vipo vile vile, sasa vinaisha kwa pigo moja. Mchezaji anapata uhuru wote, hofu yote, na kipimo hakijaguswa.

Kuhusu ule msimbo. Ulipojipa nguvu zote ulipata nguvu isiyo na mtu wa kuishuhudia: hukuwa umewahi kupigwa na huyo mhusika mpya, kwa hiyo hapakuwa na pa kurudi. Waulize waliocheza Pokémon za kwanza, za 1996, habari za Magikarp. Karibu na Mlima Moon kuna mzee anayekuuzia samaki huyu kwa pesa 500, na unajiona umetapeliwa. Mwanzoni hajui ila kurukaruka majini, na kurukaruka hakumdhuru yeyote. Gemu yenyewe inakuandikia kwamba hakuna kilichotokea. Ukitaka akue lazima umtoe mbele, umrudishe haraka, apigane mwingine, apate mgawo wa uzoefu asioufanyia kazi. Leveli baada ya leveli unabeba aibu mfukoni. Ikifika ya 20, anageuka Gyarados, joka la baharini la kutisha. Mzee yule angekuuzia Gyarados mwenyewe kwa bei ile ile ungefurahi kidogo, ukasahau jioni. Gemu nyingi za simu siku hizi zinauza hasa hicho, Gyarados aliyekwishaiva, kwa M-Pesa, na zinajua utamsahau jioni. Ndiyo maana kesho zinakuwa na mwingine mkubwa zaidi. Jiepushe nazo, au cheza bila kulipa na uziache zikianza kukubana.

Limebaki lile la "namba tu". Kukua kuko kwa aina mbili, na gemu nzuri huzichanganya mpaka usijue ipi ni ipi. Mhusika anakua, na wewe mwenyewe unakua. Katika Dark Souls ya 2011 kuna bosi, yaani adui mkubwa wa eneo, anayeitwa Capra Demon, anakungoja kwenye kiua chembamba na mbwa wawili. Wengi wamekufa pale kabla hata hawajaona kona za ukuta. Baadaye sana, ukishuka kwenye Magofu ya Mashetani, unawakuta wa aina yake kadhaa wakitembea tu, maadui wa kawaida, bila jina wala muziki. Umeongeza nguvu, ndiyo. Lakini umejifunza pia urefu wa mapanga yake na muda wa kuruka kando, na hilo halimo kwenye namba yoyote. Wapo wachezaji wanaoimaliza gemu hiyo wakiwa leveli ya 1.

Hili nililiona kwa macho yangu huku Majengo enzi za PlayStation 2. Kwenye kibanda kimoja cha gemu karibu kila mtu alicheza mpira kwa saa, isipokuwa kijana mmoja aliyekuja asubuhi, kibanda kikiwa kitupu, kucheza Final Fantasy X. Kadi ya kumbukumbu ilikuwa ya kibanda, MB 8 za kugawana wote, na siku moja mtu mwingine akaufuta mchezo wa kijana uliohifadhiwa humo ili ligi yake mwenyewe ya mpira ipate nafasi. Kijana alikuwa amefika Zanarkand, kwa Yunalesca. Huyu bosi huwageuza watu wako zombi, nawe unakimbilia maji matakatifu uwatibu wote upesi. Ukishawatibu, anakuja na pigo linaloua kila aliye hai na kumpita aliye zombi. Lilikuwa limewamaliza watu wake wote mara moja. Basi akaanza gemu upya, kutoka mwanzo kabisa, bila chochote cha zamani. Aliporudi kwa Yunalesca, akawaacha watu wake na uzombi wao, hakugusa maji. Akaweka pedi ya kuchezea kwenye paja akatuambia tuliokuwa nyuma, "Tazameni." Pigo likaja, likapita, wamesimama. Namba zake siku ile nadhani zilikuwa chini kuliko za mara ya kwanza.

Wanasaikolojia wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2006 Richard Ryan, Scott Rigby na Andrew Przybylski walichapisha utafiti uliotumia nadharia ambayo Ryan na Edward Deci walikuwa wameijenga kwa miaka mingi, wakaona kwamba raha ya gemu inafungamana sana na kujihisi unaweza na kujihisi unachagua mwenyewe. Msimbo unakuondolea la kwanza. Mwizi wa kioo pia.

Sasa la kufanya. Oblivion kwenye mipangilio ina kitelezi cha ugumu. Kukishusha kutawafanya wezi wafe haraka, lakini kioo chao hakitaondoka. Kama unaipenda nchi ile, tafuta modi, yaani marekebisho yaliyoundwa na wachezaji, inayoitwa Oscuro's Oblivion Overhaul. Imewapa maadui na mahali pengi nguvu za kudumu, kwa hiyo patakuwapo pa kuogopa na pa kurudia. Anza mhusika mpya, usiipachike juu ya ule mchezo uliohifadhi wa leveli 28. Toleo lililofanywa upya mwaka 2025 limebadilisha namna ya kupanda leveli, lakini mashine yako haitaliweza.

Au rudi nyuma kidogo hadi Morrowind, ya 2002, ambayo kwa sehemu kubwa haikufuati. Utaudhika mwanzoni: unaona kabisa upanga umempata panya, na gemu inasema umekosa. Inarusha dadu kwa siri ikiangalia ujuzi wako wa silaha ile na pumzi uliyobakiwa nayo. Basi shika silaha ya ujuzi uliouchagua, na usifike vitani ukiwa umekimbia mpaka pumzi imekwisha. Kuna injini ya bure ya OpenMW inayoiendesha vizuri kwenye mashine nyepesi, ila mafaili ya gemu yenyewe lazima uwe nayo.

Lakini kwa ulivyoeleza, ningekushauri kwanza Gothic II, ya 2002. Ni mhusika yule yule, amefukuliwa kwenye vifusi, nguvu zote zimemwisha, kwa hiyo unaanza tena chini na hadithi inakubaliana nawe. Acha kwanza nyongeza yake ya Night of the Raven, inafanya mafunzo kuwa ghali na ni ya mtu aliyekwishazoea. Mjini Khorinis njia mojawapo ya kuingia mtaa wa matajiri ni fundi mmoja akukubali kuwa mwanagenzi wake, na kukubaliwa kwenyewe kunataka uwaridhishe mafundi wengine pia. Kabla ya hapo kuna walinzi wa lango, na kwa matambara uliyovaa watakurudisha. Usibishane nao, huwawezi bado. Shuka kwenye shamba la Lobart, mfanyie kazi ya kung'oa mboga zake, atakupunguzia bei ya nguo za mkulima, na ukizivaa watakuruhusu upite.